Pumzi ya Shangazi

Kila asubuhi shangazi yangu, mpima hali ya hewa, alifungua kisanduku cheupe cha kipimajoto huku amebana pumzi, ili joto la mdomo wake lisiharibu kipimo. Nilikuwa namcheka. "Cheka tu, mwanangu," alinijibu akishaandika. "Joto la ardhi likipanda, gesi za moshi wetu zinalidaka na kulirudisha chini, kama blanketi. Mimi nisiongeze la kwangu." Vidole vyake vilinuka wino. Wiki ile ya mwisho hospitalini, muuguzi alipomwekea kipimajoto kwapani, shangazi akabana pumzi kwa mazoea. "Shangazi, pumua," nikamwambia. Akatabasamu, akapumua. Mungu amrehemu. Sasa kazi ile ni yangu, na kila nikifungua kisanduku natamani pumzi yake iharibu kipimo, hata mara moja.