Mama Aliposhikwa na Tope

Nilipokuwa mtoto pale Kigombe hakuna aliyenishinda kwa mdomo, na shule niliiacha mapema ili walimu wapumzike. Siku hizi naponda makumbi ya nazi. Nikishika rungu, wenzangu hukaa pembeni kutazama, ulizeni.

Ila kazi nilimwona nayo mama. Makumbi hufukiwa kwenye tope la mikoko yaoze, kisha mwanamke anaingia kuyatoa, ayaponde apate nyuzi za kusokotea kamba. Mama alikuwa akitoka humo tope linamng'aa mpaka mabegani, mzigo kichwani, shingo imenyooka, ungedhani anakwenda harusini.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa na sharti lake: mikokoni mtu haitwi jina. Pepo wa kule akilisikia, humshika mwenye jina. Kwa hiyo wanawake waliitana kwa majina ya watoto, na mama akawa Mama Zuhura.

"Basi si atanichukua mimi?" niliuliza.

"Wewe?" bibi akajibu. "Kwa mdomo huo atakurudisha kabla ya adhuhuri."

Mwaka mmoja baba alituacha. Mama hali, halali, hasemi. Siku moja ukingo wa shimo lake la makumbi ukamomonyoka, akazama mpaka kifuani, na maji ya bahari yameanza kujaa. Bibi na jirani yetu Mama Juma wakatandika makuti juu ya tope, wakalala kifudifudi, wakamnyooshea mikono.

"Mama Zuhura, shika!"

Hakushika. Aliegemeza shavu kwenye tope kama mtu aliyepata kitanda. "Niacheni," alisema. "Nimechoka."

Mimi nyuma yao nililia mpaka sauti ikakauka. Maji yakamfika shingoni. Ndipo bibi akapiga ukelele:

"Mwanahamisi! Mwanahamisi, mwanangu, nipe mkono!"

Mama Juma akaduwaa. Mama akafumbua macho. Akautoa mkono.

Walimvuta akatoka bila kanga, wakamsitiri kwa zao. Bibi akasema: "Nimekuita. Kwa kinywa changu mwenyewe."

Mama akatema tope. "Huyo pepo akija, aje na rungu lake. Makumbi hayajapondwa."

Mama Juma alicheka mpaka akalia. Bibi hakucheka. Mpaka anakufa alikuwa akiamka alfajiri kusikiliza kama mama anapumua. Na maji yalipokupwa tena, mama alirudi shimo lile lile. Hatukuwa na jingine.

Mimi simwogopi mtu wala pepo. Lakini sasa nina shimo langu, na kuna siku jua linachoma, mgongo unakatika, na kule chini tope ni baridi, laini, linakupokea bila kukuuliza kitu. Pepo sijamwona. Uchovu ule naujua. Na najua mama aliukataa siku ambayo hakuwa na chochote cha kurudia, isipokuwa mimi na kizee kimoja kilicholala kifudifudi kikimlilia.