Bwana Aliyekufa Ndani ya Simu

Kaswera alipika maharagi na bugali karibu na mahali malori ya Mahagi yanapopakia, mjini Bunia. Wateja walimwita Mama Estelle, kwa jina la binti yake aliyeolewa Boga. Hakusoma. Masomo walipewa kaka zake. Yeye alipewa jembe, na baadaye akapewa Tharcisse.

Tharcisse alikuwa muuza vitunguu. Walitoka pamoja Butembo, wakaanza Bunia kwa kulala chini, na moshi wa maharagi ya Kaswera ndio uliowajengea nyumba. Kisha bwana akaenda Mahagi kutafuta mali, akakaa huko. Dereva mmoja wa lori alimnong'oneza Kaswera sababu: huko kulikuwa na mwanamke mwingine, kijana, mwenye mtoto mgongoni. Kaswera akamwomba yule dereva afunge mdomo, naye akaufunga.

Jirani yake Hortense, aliyeuza samaki kwenye meza ya pembeni, alipouliza habari za bwana, Kaswera alijibu, "Njia imefunga." Miaka ile jibu hilo lilitosha. Leo kulikuwa na amani, kesho watu wenye silaha wamekaa barabarani, keshokutwa amani tena. Njia ya Mahagi ilimfichia aibu yake vizuri kuliko mtu yeyote.

Ulikuwa wakati wa Ebola. Asubuhi moja msichana aitwaye Dorcas, wa mradi wa afya, aliingia uani kwake na simu mkononi. Hakuwa na karatasi wala kalamu. Aliuliza, akabonyeza, simu ikampa swali jingine.

"Usiogope, Mama. Jina yako haitatoka mu hii simu."

Aliuliza habari za maji, choo na chandarua. Kaswera akajibu yote. Kisha:

"Bwana yako, Mama? Simu inasema: iko nyumbani, iko mu safari, ao alikufa. Chagua moja."

"Na ule mwenye alikimbia bibi yake?"

Dorcas akatazama simu, akapandisha kidole, akakishusha. "Hiyo haiko."

"Batu wa simu habajue wanaume?"

"Minaweka safari basi. Inauliza: atarudi lini?"

Kaswera aliweza kumdanganya jirani kila siku, lakini kumpangia Tharcisse siku ya kurudi, ulimi ulikataa. Angerudi na nani? Angelala wapi?

"Andika alikufa."

"Pole sana, Mama! Sikujua."

"Weye bonyeza tu."

Alidhani mambo yameishia hapo. Kumbe kwa simu hapo ndipo yalipoanza. Kabla ya kufa, marehemu alikuwa na joto mwilini? "Sana," alisema Kaswera. "Kila akiwaza Mahagi, mwili yake ilikuwa moto." Dorcas hakucheka, akabonyeza ndiyo. Alizikwa wapi? "Hukohuko Mahagi." Nani aliosha maiti? "Bibi yake wa kule." Simu ikalia kidogo, Dorcas akashukuru, akaenda nyumba nyingine. Siku ile Kaswera alipika kwa moyo mwepesi. Alijisikia kama mjane wa kweli, mjane ambaye hakuna anayemcheka.

Kesho yake gari jeupe lilisimama mbele ya meza yake. Wakashuka watu wa riposte, wale waliofuatilia kila kifo ili Ebola isienee, na maji ya klori mgongoni. Mkubwa wao, Donatien, akasema kwa sauti ambayo meza zote zilisikia:

"Mama Kaswera, tulipata habari bwana yako alikufa na homa. Mbona mulificha?"

Hortense akaangusha samaki, akapiga ukunga. "Tharcisse! Alikufa, na weye unapika?"

"Hakufa!" Kaswera akasema. "Iko muzima kabisa!"

Donatien akatikisa kichwa kwa huruma. "Mama, mwenye anaficha maiti, ni vile anasemaka."

Jana Kaswera alisema uongo, wote wakaamini. Leo anasema kweli, na kweli yenyewe imekuwa dalili ya kuficha. Dorcas alikuwa amesimama nyuma ya gari. Kaswera akamwendea.

"Si ulisema jina yangu haitatoka?"

"Jina haikutoka, Mama. Kifo njo ilitoka. Na simu inajua nyumba kwenye nilisimama."

"Basi futa!"

"Kisha kutuma, mikono yangu haifike tena."

Wakampima joto kwa kile kidude kama bunduki, wakapulizia klori mezani, wakamwambia asipike mpaka jambo lijulikane. Hawakuhitaji kumwambia. Madereva walikuwa wameshahamia kwa Hortense, ambaye aliongeza sufuria ya maharagi kabla ya mchana.

"Pole kwa kilio, Mama Estelle," alimtupia kutoka mbali, "lakini simama palepale, tafazali."

Siku zilipita. Chungu kikakauka, unga ukaisha. Wanawake wa kanisa walikuja kulia naye, wakalilia barabarani bila kuingia uani. Kaswera hakujua kama awafukuze au awashukuru. Mwisho akampigia Tharcisse.

"Unataka nini?" Tharcisse aliuliza.

"Nataka uishi."

"Weye iko na wazimu?"

"Huku ulikufa. Enda kwa kituo cha afya, bakuone, basema uko muzima. Minakufa njaa juu ya kifo yako."

Tharcisse alicheka mpaka akakohoa. Halafu akashusha sauti, pengine akiogopa gari jeupe kumfuata na yeye. "Nitaenda," alisema, akakata.

Kaswera aliponyanyua uso siku iliyofuata, Donatien alikuwa amesimama mbele ya meza zote, simu mkononi, uso umejaa furaha. Kaswera akainuka haraka. "Papa, tuingie uani, utaniambia polepole."

"Hapana, Mama, batu bote basikie, woga uishe!" Akasoma: "Tharcisse iko muzima. Bamemupima Mahagi, hana homa. Iko na bibi yake na mutoto wao, bote bazima. Mama Kaswera hana kosa. Mukule kwake bila woga!"

Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, kwa sababu kila mmoja alifika kwenye lile neno kwa wakati wake: bibi yake, na mutoto wao. Donatien peke yake hakulifikia. Alimpa Kaswera mkono, akapanda gari.

Wale madereva walivuta viti vyao kutoka upande wa samaki, wakavileta. Kaswera akaazima unga, akawasha moto. Alitaka kulia, na alitaka wateja waongezeke, na vyote viwili vilimjia kwa wakati mmoja hata asijue kilichokuwa kikimchoma macho ni moshi au ni nini.

Hortense akaja mwisho, na sahani yake mwenyewe.

"Mama Estelle, unitilie ya kwangu." Hakumtazama usoni. "Na pilipili."

Kaswera akamjazia kupita kawaida, wala hakujua kwa nini.