Hoja ya Kupitisha Furushi

Chuoni walimwita Katiba, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Alikuwa mhadhiri wa historia, mtu wa tai ya buluu na sauti isiyohitaji kipaza. Ungemgusia tu kwenye chumba cha chai kwamba ratiba ya mitihani imebadilishwa bila wahadhiri kuulizwa, angekushika kiwiko na kukueleza mpaka chai ipoe. Chuo si duka la mtu, angesema. Anayefundisha aulizwe, anayefundishwa aulizwe, na uongozi ufuate kilichokubaliwa na wote. Yalikuwa maneno ya kweli, na yanabaki kuwa ya kweli hata baada ya yaliyompata msemaji wake.

Kwa ajili ya maneno hayo wahadhiri walimchagua awawakilishe kwenye seneti, baraza kubwa la masomo ambako sera zote za chuo hupitishwa. Na mwaka ule seneti ilikuwa inapitia upya sera iliyowahusu watu wasiokuwa na mtetezi: wahadhiri wasaidizi.

Hawa wasaidizi ndio waliosahihisha sehemu kubwa ya mitihani. Ndio waliokaa na wanafunzi kwenye semina, wakajua nani haelewi na nani haji. Lakini kwenye Kamati ya Mapitio, pale sera za ufundishaji zinapochambuliwa mstari kwa mstari kabla hazijafika seneti, hawakuwa na kiti. Waliletewa sera ikiwa imeshaiva, wakaambiwa watekeleze. Safari hii waliomba viti viwili, vyenye haki ya kupiga kura.

Aliyezunguka idara baada ya idara kukusanya maoni ya wenzake alikuwa shemeji yake Katiba, mdogo wa kike wa mkewe, msaidizi katika idara ya takwimu. Aliishi nao tangu alipoajiriwa, na yeye na Katiba hawakuwahi kukaa meza moja bila kutaniana.

"Shemeji, mzigo huu nakutwika wewe," alimwambia siku alipomkabidhi pendekezo lenyewe. "Ukiuangusha, usirudi nyumbani."

"Nikiuangusha nipikieni mawe."

"Mawe yanamaliza gesi. Utalala na njaa tu."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Katiba aliliwasilisha pendekezo, seneti ikakubali kwamba lina msingi, likapelekwa kwa uongozi linyooshwe lugha kisha lirudi kupitishwa. Wasaidizi wakaanza hata kubishana nani akalie viti hivyo.

Hapa inabidi kueleza kitu ambacho wajumbe wa seneti walikiita furushi. Mambo ya kikao yakiwa mengi, yale yasiyo na ubishi huwekwa pamoja, na mwanzoni mwa kikao mwenyekiti huuliza kama kuna anayetaka kutoa lolote humo. Mjumbe yeyote anaweza. Anataja namba ya jambo, haulizwi sababu, nalo linatolewa na kujadiliwa peke yake. Asipotokea mtu, furushi zima hupitishwa kwa pumzi moja. Utaratibu huo haukubuniwa kwa hila. Uliwekwa ili watu wazima wasimalize mchana wakijadili rangi ya majoho. Unadai jambo moja tu, kwamba kila mjumbe awe amesoma.

Kabrasha la kikao lilitumwa kwa baruapepe mapema, kama kawaida. Katiba alilifungua. Akaona jina la pendekezo lao limo ndani ya furushi, na moyo ukamtulia. Kama limewekwa humo, akajisemea, basi halina mpinzani, limeshapita. Akalifunga kabrasha. Alikuwa na kazi nyingine iliyomkaa rohoni: mwishoni mwa kikao kulikuwa na mjadala wa ripoti ya mwaka ya mkuu wa chuo, na yeye alikuwa anaandaa hotuba juu ya utawala wa pamoja. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Aliisoma mbele ya kioo cha bafuni, mkewe akimgongea mlango kwamba watoto wanachelewa shule.

Siku ya kikao waliketi kwenye ukumbi wa seneti, meza ndefu ya mviringo, kila mtu na kipaza chake chenye taa nyekundu, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo pembeni. Mkuu wa chuo, aliyekuwa mwenyekiti, akauliza kama kuna anayetaka kutoa jambo kwenye furushi. Hakuna aliyetaja namba. Akauliza nani anatoa hoja lipite.

Katiba akawasha kipaza. Alitaka wafike kwenye hotuba yake kabla watu hawajaanza kuchungulia saa.

"Natoa hoja, mwenyekiti. Furushi lipite lote, kama lilivyo."

Yale maneno ya mwisho hakuna aliyemwomba ayaongeze.

Hotuba yake ilikuwa nzuri. Waliokuwepo wanakiri hivyo mpaka leo. Alisema kumsikiliza mtu baada ya kuamua ni kumtania, na kwamba chumba kisicho na kiti cha mnyonge hakistahili kuitwa baraza. Walimpigia makofi. Mkuu wa chuo mwenyewe aliinamisha kichwa kwa heshima. Katiba akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Kesho yake muhtasari wa maamuzi ukatumwa kwa wafanyakazi wote. Shemeji yake akaingia ofisini kwake na simu mkononi, hajabisha hodi.

"Shemeji, nisomee hapa. Labda macho yangu."

Akasoma. Wahadhiri wasaidizi watakuwa waalikwa wa Kamati ya Mapitio, pale uongozi utakapoona inafaa, bila haki ya kupiga kura.

"Viti vyetu vimekwenda wapi?"

Katiba alikuwa anayaona maneno hayo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Na hapo, kabla hajafikiri, mdomo wake ukafanya kitu ambacho yeye, mtu wa majukwaa, asingemsamehe mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza.

"Walituzidi nguvu," alisema. "Nilipinga. Lakini walikuwa wengi."

Yule binti akamtazama kwa huruma. Akamwekea mkono begani.

"Pole sana. Najua ulivyopambana."

Ule mkono ulimchoma. Alitaka kuuondoa na alitaka ukae. Akasema ana kipindi, akatoka, akaenda kusimama kwenye ngazi za nyuma ambako hapiti mtu.

Uongo wa aina hiyo hauachi kukufuata. Wasaidizi waliamua wasikubali kimyakimya. Wakamwita Katiba chumbani kwao awatajie wajumbe waliowapinga, wawafuate mmojammoja wazungumze nao. Kilikuwa chumba kirefu chenye meza zilizobanana, mitihani imerundikwa hadi madirishani, feni moja inayozunguka ikijisikia. Walimpa kiti pekee chenye mgongo. Mmoja akamletea chai, mwingine akasema, "Huyu ndiye mwakilishi. Wengine wanakwenda kule kunywa maji ya chupa." Wakacheka. Katiba akacheka nao.

"Sasa tuanze," shemeji yake akasema. "Nani alikuwa wa kwanza kupinga?"

"Unajua, hali ilikuwa ngumu," Katiba akaanza. "Mambo ya mle ndani hayaendi hivyohivyo..."

Mlango ukafunguliwa, akaingia profesa mzee wa sayansi ya udongo, mjumbe wa seneti naye, amefuata mitihani yake iliyosahihishwa. Alikuwa mtu mpole, anayesifika kwa kusinzia kikaoni akiwa ameshika kalamu.

"Ah, Katiba, na wewe umo humu," akasema, akipekua rundo. "Msimchoshe mwenzenu huyu, jamani. Juzi katuokoa. Tumbo linaunguruma, mara nikamsikia anasema lipite lote kama lilivyo. Nikasema, huyu ndiye mtu."

"Lipite nini, Profesa?" shemeji yake akauliza.

"Furushi. Si yeye aliyetoa hoja?"

Profesa akatazama huku na huku, mitihani kifuani.

"Kwani nimesema nini?"

"Hujasema kitu, Profesa. Asante," shemeji yake Katiba akasema.

Mzee alipotoka, kijana mmoja wa fizikia akauliza taratibu, bila dharau, "Kwa hiyo ulipinga saa ngapi, Mwalimu?"

Katiba akafungua mdomo. Akasema utaratibu wa furushi una utata wake.

"Hauna utata," shemeji yake akasema. "Unataja namba, jambo linatoka. Umetufundisha wewe mwenyewe, mezani kwako." Akaweka kalamu mezani. "Ulisoma?"

Wote walikuwa wanamtazama, na chai yao ilikuwa mkononi mwake.

"Sikusoma."

Hawakumtukana. Laiti wangemtukana angepata pa kushika. Mmoja baada ya mwingine walivuta mitihani yao na kurudi kusahihisha, yeye akiwa bado amekalia kile kiti kizuri. Alipoinuka, hakuna aliyeinua uso.

Nyumbani shemeji yake akaacha utani. Asubuhi iliyofuata alimwamkia, "Shikamoo," kama anavyoamkiwa mzee wa mtaa wa pili, akachukua mkoba wake akatoka. Jioni ikawa hivyohivyo. Watoto wakaliona hilo, mmoja akauliza kama mama mdogo anaumwa.

"Haumwi," mke wa Katiba akajibu. Watoto walipotoka nje, akakunja kitambaa cha meza polepole. "Baba watoto, kutosoma ni uzembe, na uzembe wote tunao. Mimi mwenyewe nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu nikisinzia. Lakini kumwacha mdogo wangu akupe pole... Alikuja humu ndani ananihadithia ulivyopigana. Alikuwa na machozi."

"Nilishikwa na aibu."

"Aibu ikakutuma uongeze nyingine?"

Alikuwa ametumia maneno yake yote kwenye hotuba.

Siku iliyofuata alikwenda kwa katibu wa seneti, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba, kuuliza kama kuna njia ya kulirudisha jambo.

"Ipo," katibu akasema. "Uamuzi unaweza kufunguliwa kabla kumbukumbu za kikao hazijathibitishwa kwenye kikao kijacho. Ila anayeomba lazima awe miongoni mwa waliokubali upite. Wewe hapo huna shida."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana iliuma.

"Utasimama utoe sababu, na itaingia kwenye kumbukumbu. Mkuu amesikia malalamiko ya wasaidizi, akapendekeza atakayeomba aseme maneno hayakueleweka. Ni njia ya heshima."

"Nikisema hivyo?"

"Sentensi inarudi kwa uongozi ifafanuliwe, basi. Viti havijadiliwi. Ili jambo zima lifunguliwe, lazima uliyekubali useme kura yako ilikosea, na ilikosea kwa nini." Akavua miwani. "Halafu ukisema hayakueleweka, Mwalimu, niliyeandaa kabrasha ni mimi. Badiliko lile la uongozi nililipigia mstari."

Katiba alikuwa na muda wa kutosha kulifikiria hilo, na kila alipolifikiria aliona ile njia ya heshima imelala pale laini, inamngoja. Angeweza kuipita. Angebaki na jina lake. Wasaidizi wangebaki waalikwa, na mama wa watu angebeba lawama ya kuandika vibaya. Ilimtia aibu kugundua kwamba aliipima njia hiyo zaidi ya mara moja.

Kikao kilichofuata, mwenyekiti alipofika kwenye kuthibitisha kumbukumbu, Katiba aliwasha kipaza. Hakuwa na karatasi.

"Mwenyekiti, naomba uamuzi juu ya wahadhiri wasaidizi ufunguliwe. Mimi ndiye niliyetoa hoja furushi lipite."

"Sababu yako?" mkuu akauliza, kisha akamsaidia, "Pengine palikuwa na jambo ambalo halikueleweka?"

"Yote yalieleweka. Badiliko lilipigiwa mstari. Mimi sikusoma kabrasha. Nilikuwa naandika hotuba."

Mtu mmoja alikohoa. Maji yalidondoka kwenye ndoo. Katiba aliona vichwa vikiinamia makabrasha, watu wenye digrii zao wakifunua kurasa kana kwamba wanatafuta kitu.

"Kisha niliwaambia walionituma kwamba nilipinga. Sikupinga. Hilo nalo liandikwe."

Mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Hakuna taa iliyowaka. Kumuunga mkono kulikuwa sawa na kukiri kwamba na wewe ulikubali usichokisoma, na ukumbi mzima ulikuwa umekikubali. Katiba alisimama pale mikono ikining'inia. Kwa miaka alikuwa ameizoea midomo ya watu hawa ikipiga naye soga na mikono yao ikimpigia makofi, na sasa haukupatikana hata mmoja.

Mwishowe taa ya profesa wa udongo ikawaka.

"Naunga mkono. Mimi nilifika ukurasa wa pili, usingizi ukanichukua."

Wakacheka, na kicheko kikalegeza mikono. Kura ikapigwa, waliotaka uamuzi ufunguliwe wakazidi kidogo tu. Jambo la viti likapangwa kujadiliwa peke yake kikao kitakachofuata. Wakati wa mapumziko ya chai wajumbe walimpita Katiba wakimsalimia kwa haraka, kama anavyosalimiwa mtu aliyetoka hospitali na ugonjwa usiotajwa.

Jioni alimkuta shemeji yake sebuleni anamfundisha mtoto hesabu. Alikuwa ameshapata habari.

"Nimesikia," akasema. "Tumefurahi kwamba limefunguliwa."

"Nitaanza kuandaa maelezo. Safari hii nitapita kila—"

"Shemeji." Alisema kwa upole, akamtuma mtoto jikoni kwa mama yake. "Tumekaa jana. Tumemwomba mjumbe mwingine wa seneti, mama mmoja wa kitivo cha sheria, atuwasilishie. Amekubali."

Katiba akaketi. "Jana? Kabla sijasema?"

"Kabla hujasema."

"Na sasa nimeshasema?"

Alilifikiria kweli, usoni alionekana analifikiria. "Wenzangu wanasema asante. Lakini hawataki tena kukaa wakijiuliza kama umesoma. Na mimi sikuweza kuwaambia umesoma. Nilitaka kuwaambia, nikashindwa."

"Ni haki yenu."

"Kura yako bado tunaihitaji."

"Mtaipata."

Akaitikia kwa kichwa, akakusanya penseli za mtoto, akaenda jikoni. Kutoka pale alipoketi Katiba aliwasikia akina dada wawili wakizungumza kwa sauti ya chini. Alinyanyuka kuwafuata, angalau awaombe maji ya kunywa. Alipofika mlangoni wakanyamaza. Mkewe akamjazia glasi, akampa, na wote wawili wakangoja amalize kunywa.