Msiba wa Muuza Maziwa

Mwandishi wa hadithi za upelelezi alileta kitabu chake kipya duka la vitabu ninalouza hapa Manyamanyama, akakodi gari la matangazo, lilelile linalotutangazia misiba. Likapita mitaani: "Muuza maziwa ameuawa. Nani kamuua? Fika dukani leo."

Nikiwa kaunta, wakaingia akina mama watatu wamejifunga kanga, mmoja kabeba unga wa matanga.

Mwandishi akacheka. "Mama zangu, ni hadithi tu. Huyo mtu nimemtunga."

"Na kisima alimotupwa, nacho umekitunga?" akauliza yule mwenye unga.

Kicheko kikakatika. Kisima kimo sura ya mwisho, na katoni ya vitabu ilikuwa bado haijafunguliwa.

Mama huyo akaweka unga juu ya katoni. "Sisi tulikuwaga tunangoja mtu atangaze, ndipo tulie."

Nakala nilinunua. Ila maji ya kisima siku hizi sinywi.