Chemchemi Iliyomrudisha Baba Kwenye Mkonge

Njombe ya wakati wa Mwingereza naiona kwa ukungu, na usiniambie ni uzee. Ukungu wenyewe ulikuwepo. Kila kiangazi mama alishuka bondeni kulima vinyungu, vile vibustani vya mahindi na maharage kwenye ardhi yenye unyevu, na ukungu ukammeza mpaka mabegani. Mimi nyuma yake niliona kichwa chake tu kikielea.

Juu ya vinyungu vyetu palikuwa na chemchemi. Matete yake hayakuguswa na mtu. Wanawake wa bonde zima walikubaliana hivyo, wa juu asimkaushie wa chini, na korongo wenye taji wakawa wanataga humo bila wasiwasi. Nilikuwa nasinzia pale, nasikia maji yakipita chini ya majani, nikidhani dunia nzima imelala.

Mwaka mmoja baba alirudi kutoka mashamba ya mkonge, Tanga, amekonda, anakohoa. Akasema harudi tena kule. Atapanda miwati, auze magome yake kwa watengeneza ngozi. Tulishangilia, we acha tu! Lakini kilima chetu kilikuwa mawe matupu, basi akaichomeka miche pale pale kwenye chemchemi.

"Baba, miti hii inakunywa maji mno," mama akamwambia. "Bonde la pili waliipanda, sasa wanachota tope."

"Isipoota hapa, narudi mkonge. Unataka hivyo?"

Mama hakutaka, jamani. Alilia siku nzima. Wanawake wa chini wakaja, wakakaa uani. Hawakumlaumu wala kumbembeleza. Kesho yake, mchana kweupe, baba akimtazama, mama alishuka akang'oa miche mmoja mmoja, akailaza kandokando taratibu kama anayelaza watoto.

Baba hakufoka. Alivaa koti lake akashika njia ya Makambako, kwenye lori la kuchukua manamba, vibarua wa mkataba wa mkonge. Mama alimsindikiza mpaka barabarani, amembebea furushi. Hatukumwona tena.

Chemchemi ipo. Korongo wanatua, wanacheza, bonde zima linakula. Kila nikiinama kunywa namkasirikia baba, kisha mama, kisha nawalilia wote wawili. Halafu nakunywa, maana maji yale ni matamu mno.