Mama Aliyataka Maporomoko

Mwaka jana kazi ilinizungusha sana. Nilikuwa nikifundisha wafanyakazi wa maghala kutumia mashine mpya za kusomea mizigo, na kila mji niliotumwa, mama yangu kule Nyeri alitaka auone kwa simu. Ni mwalimu wa jiografia aliyestaafu, amenyimwa viza ya kuja huku mara mbili, na macho yake yanafifia. Daktari amemwambia hayatarudi. Kwa hiyo alikuwa na haraka.

Tulianzia Louisville, ninakoishi upande wa Shively. Nilimwonyesha rungu la besiboli lililoegemezwa kwenye jengo, refu kuliko jengo lenyewe. "La kumpiga nani?" akauliza. Nje kidogo ya Columbus nikamwonyesha shamba zima la mahindi ya zege, kila hindi limenipita kimo. Akasema watu wa huko wameshiba vibaya. Nilicheka hadi wapita njia wakanitazama.

Lakini alichokitaka hasa ni maporomoko ya Niagara, aliyoyachora ubaoni kwa chaki maisha yake yote ya kazi. Safari ya mwisho ya mwaka ikawa Buffalo, jirani kabisa na maporomoko hayo. Nilikuwa na Jumamosi moja tu, na ndege yangu ilikuwa saa kumi jioni.

Pale ghalani, mama mmoja wa Bukavu anayeishi North Buffalo alijitolea kunipeleka kwa gari lake. Nikamwambia nataka kuona maporomoko. Alinitazama kwa huruma, akasema ataulizia. Hapo ningeshtuka, ila mimi na ujuaji wangu wa Kiswahili sanifu tuliamini tumeeleweka.

Jumamosi alikuja saa sita mchana, amevaa kitenge cha kanisani. Akaendesha kuelekea kusini hadi Lackawanna, akaegesha kando ya uzio. Ng'ambo kulikuwa na magugu na kuta zenye kutu za kiwanda cha zamani. Mama yangu alikuwa tayari hewani.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Bon, papa," mwenyeji wangu akaniambia, "niliuliza batu ba kazi. Banasema huku ndjo usine ya chuma iliporomokaka. Kwetu Bukavu maporomoko ni udongo, inashuka na manyumba. Huku hakuna mulima."

Nilikasirika, nakiri, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi mwenyewe. Nikamweleza: mto mkubwa, maji yanaanguka.

"Aa, les chutes. Donc ungesema chute. Tumeziacha nyuma."

Aligeuza gari bila kulalamika. Tulipofika nilikuwa nimebakiwa na nusu saa. Nikanyoosha simu juu ya ukingo, manyunyu yakatulowesha, na mama yangu akaanza kufundisha kwa sauti ya darasani.

"Juu mwamba mgumu, chini mwamba laini. Maji yanakula wa chini, wa juu unavunjika."

"Ndiyo, mwalimu," akaitikia mama wa Bukavu, kitenge kimemganda mwilini. "Kumbe hata hii ni maporomoko."

Mama yangu alifurahi kupata mwanafunzi. Kisha akatazama tu, na mimi nikaishikilia simu kwa mikono miwili.

"Yanatosha," akasema. "Sasa geuza simu."

Nikaielekeza upande wa Kanada.

"Hapana, Kanada naijua. Geuza nikuone wewe. Na usogee kwenye mwanga."