Mashine Isiyofunika Sauti ya Chai

Sabdio huisikiliza dunia kwa sikio moja. Sikio la kulia huwa limezibwa na kisikizi cha waya, na ndani yake kuna mzee fulani anayesimulia habari za visima na malisho. Sikio la kushoto huliacha wazi kwa ajili ya Abiba, mama wa marehemu mumewe.

Kazi yake ni kuandika sauti za watu. Watafiti huja Isiolo, hurekodi wazee, kisha huondoka na kumwachia rekodi hizo aziweke kwenye maandishi, kwanza kwa Kiborana, halafu kwa Kiswahili. Ni kazi ya kurudi nyuma. Sentensi moja huisikiliza tena na tena, kwa sababu mzee alipokuwa akiisema mbuzi walilia, au upepo ulivuma, au alilia yeye mwenyewe na mtafiti hakuzima kinasa sauti. Majirani zake wa Bulapesa hudhani anasikiliza nyimbo. Hajawahi kuwasahihisha.

Mumewe, Mamo, alipofariki, watu walitazamia kwamba Abiba angehamia kwa bintiye Wato kule Kulamawe, na Sabdio, ambaye hakujaliwa mtoto, angerudi kwao. Hakuna aliyeondoka. Wala hawakulizungumza. Siku ile wageni wa msibani walipotawanyika, Abiba alichemsha chai, akamimina vikombe viwili, na jambo likawa limekwisha amuliwa.

Wakati huo macho ya Abiba yalikuwa bado yanaona kidogo. Sasa hayaoni kitu. Lakini ndani ya nyumba ile ya vyumba viwili huwezi kumwita kipofu. Bawaba ya mlango humwambia nani ameingia na ameingia na hasira gani. Tone la maji kwenye ndoo humwambia mfereji haukufungwa vizuri. Na chai humimina mwenyewe. Hatii kidole kikombeni kama wengine wafanyavyo. Husikiliza. Chai ikiangukia kikombe kitupu hutoa sauti nene, kisha sauti huanza kupanda, ikawa nyembamba, ikazidi kuwa nyembamba, na pale inapokaribia kuwa kama mluzi Abiba huinua chupa. Hajawahi kupoteza tone. Wageni humtazama kwa mshangao, naye huujua mshangao wao, na midomo yake hucheka.

Sabdio anampenda zaidi katika dakika hiyo kuliko dakika nyingine zote za siku.

Sasa, laptopu yake ilipokufa, alinunua kompyuta kuukuu ya ofisini, lile kasha kubwa la kusimama. Bei yake ilikuwa nafuu na nguvu zake zilikuwa nyingi. Feni zake pia zilikuwa nyingi, na zote zilinguruma kama lori la ng'ombe linalotafuta gia. Sabdio alijiambia watalizoea.

Haikupita wiki. Abiba alikuwa akimimina chai ya saa nne, mashine imewashwa, na hakuisikia chai ikipanda. Ilifurika, ikamchoma mkono, ikatiririka mezani hadi kwenye mkeka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Imejaa?"

Kesho yake chupa ya chai ilikaa mezani bila kuguswa. Abiba aliketi karibu nayo, mikono mapajani, akingoja kumiminiwa. Sabdio akaanza kuizima mashine kila wakati wa chai, lakini mama mkwe wake aliutambua upole huo na hakuupenda. Kisha jioni moja akamsikia akiongea na Wato kwenye simu.

"Mvua ikianza nitakuja," Abiba alisema. "Hapa nimekuwa mgeni."

Sikio la kushoto liliyasikia yote.

Asubuhi Sabdio alilipakia lile kasha kwenye bodaboda, akaenda nalo kwa Ndegwa, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Ndegwa ametoka Nyeri lakini ameishi Isiolo hadi anasalimia Waislamu kwa salaam na kugombana na wauza miraa kwa Kimeru. Aliiwasha mashine, akaizima haraka.

"Hii umeitoa wapi? Hii si kompyuta, Sabdio. Hii ni poshomili."

"Nataka ndogo. Isiyo na kelele. Na isinimalize mfuko."

"Ya studio?"

"Ya chai."

Ndegwa alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Alivuta kiti. Sabdio alimweleza yote, mpaka ile "Imejaa?", na alipofika hapo ilibidi ajifanye anatafuta kitu mkobani.

"Sawa," alisema Ndegwa. "Kelele ni feni. Feni imewekwa kwa sababu ya joto. Basi dawa ni tusinunue joto."

Wakaanza kuchagua. Prosesa, akataka ile isiyokula umeme mwingi, hata kama si ya mbio. "Wewe unaandika, hufukuzwi na mtu." Kadi ya picha aliisukuma kando: "Wazee wako hata picha hawana, ni sauti tu. Prosesa yenyewe itatosha kwa skrini." Mahali pa ile pawa saplai nzito, kifaa cha kugawa umeme chenye feni yake, aliweka adapta ya nje, kama ya laptopu, inayokaa sakafuni na kunyamaza. Diski ikawa ya kisasa, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Bodi ilikuwa ndogo kuliko daftari la shule. Kulikuwa na kasha moja lenye taa za rangi zinazopepesa, na Ndegwa alilishika kwa matumaini.

"Za nini hizo?" Sabdio aliuliza.

"Urembo."

"Nyumba yenyewe tunakaa wawili, mmoja haoni, mwingine hatazami. Rudisha."

Lile kasha kubwa Ndegwa alikubali kulichukua kama sehemu ya malipo; angelitengeneza awauzie vijana wa gemu, watu wasiojali kelele. Ikabaki feni moja, ya kupoza prosesa.

"Ya feni," alisema Sabdio, "nitamleta mwenyewe."

Abiba alikataa kwanza. "Nikaone nini dukani?"

"Hakuna cha kuona, Ayo. Ni cha kusikia."

Humwita Ayo, mama, tangu siku alipoolewa. Abiba akaomba mtandio wake mzuri.

Ndegwa alifunga mlango ili honi za barabarani zibaki nje. "Salaam aleikum, shosho," alimwamkia, kama anayemwamkia nyanya yake.

"Aleikum salaam. Una sauti nene. Na mwili je?"

"Nao ni vilevile, shosho."

"Basi biashara ni nzuri. Tutaomba upunguze bei."

Ndegwa aliziwasha feni moja baada ya nyingine. Abiba aliinamisha kichwa, vile Sabdio alivyoambiwa alikuwa akiinamisha zamani malishoni, akitafuta kengele ya ngamia mmoja kati ya wengi.

"Hii ina kikohozi," alisema. Ya pili: "Hii inaimba puani." Ya tatu ilikuwa pana kama sahani, ikizunguka polepole. Aliisikiliza mpaka Ndegwa akadhani amelala.

"Hii inapumua kama mtu mzima aliyeshiba. Hii."

"Shosho, umechagua ya bei."

"Mimi sijaiona bei. Ipunguze nisiione zaidi."

Ndegwa alicheka hadi akashika meza. Wakati Sabdio anatafuta pesa, Abiba aligeuza kichwa upande wa meza ya kazi, ambako kitu kilikuwa kikitoa sauti ndogo: tik, tik, kimya, tik-tik-tik.

"Na huyo ni nani?"

"Diski ya zamani, shosho, zile za kuzunguka. Nanakili vitu vyangu. Hiyo nyinyi hamtaki."

"Anacheua," alisema Abiba. Sabdio, aliyekuwa akihesabu noti, alilisikia neno hilo bila kulishika.

Mashine ndogo ilikaa juu ya meza ya kazi, na asubuhi ile nyumba ilikuwa kama haina kitu kipya. Abiba aliisogelea chupa ya chai. Lakini adhuhuri mabati yakapata moto, chumba kikawa tanuri, na ile feni ya mtu mzima aliyeshiba ikaanza kuhema, kisha kukimbia. Dukani waliisikiliza kwenye ubaridi wa asubuhi. Hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka mabati. Abiba alirudisha chupa mezani.

Ndegwa alikuja. Alipitisha kiganja kwenye ukuta mmoja, wa pili, wa tatu, akafika kwenye kona ya nyuma, palipo na kivuli cha mwarobaini wa jirani na upepo wa mlango wa uani. Akakaa hapo.

"Hapa," alinong'ona. "Mashine haina makosa. Imekaa mahali pabaya."

"Hapo hapana," Sabdio alinong'ona pia.

Kwenye kona ile vilisimama vyombo vya maziwa vya Abiba, vya nyuzi zilizosukwa kwa mkono, alivyovisuka yeye na mama yake kabla ya harusi. Maziwa hayajaingia humo miaka mingi, lakini bado vina harufu ya moshi, na kila Ijumaa huvipangusa kwa vidole.

"Basi sijui," Ndegwa alinong'ona. "Sina feni ya kushinda mabati."

"Mnanong'ona kana kwamba mimi ni kiziwi," Abiba alisema kutoka kitini. "Mimi ni kipofu tu."

Alisimama, akaja, akavigusa vyombo vyake kimoja kimoja kama anayehesabu watoto gizani.

"Mashine inanuka?"

"Hapana, shosho."

"Inavuja?"

"Hapana."

"Basi nusu. Nawapa nusu ya kona. Na isiviguse."

Alivisogeza mwenyewe, hakutaka msaada. Ndegwa alifunika matundu ya hewa kwa kipande cha neti, maana vumbi la Isiolo halibishi hodi, akaenda zake. Adhuhuri ya pili ilipita, na ya tatu, na feni haikuinua sauti.

Hapo Sabdio angefurahi, na kwa siku chache alifurahi. Kisha akaona kitu kingine. Abiba hakuwa akisema. Alikuwa mtu wa maneno, wa kumtania kuku wa jirani, wa kusimulia ndoto zake kabla ya kifungua kinywa. Sasa aliketi kimya asubuhi nzima, na kila baada ya muda aliita, "Uko?"

"Niko, Ayo."

"Unafanya kazi?"

"Nafanya."

"Basi sisemi."

Naye hata wakati Sabdio hafanyi kazi, ametazama tu ukuta na kumkumbuka Mamo, Abiba alinyamaza vilevile, kwa heshima ya kazi ambayo haikuwapo. Kelele ilimwibia chai. Na kimya nacho kilikuwa kinamwibia mazungumzo. Hakujua lini yuko na mtu na lini yuko na mgongo wa mtu. Sabdio aliliwaza hilo mchana mzima, na ndipo neno lile la dukani likarudi, kama sentensi ya rekodi inayoeleweka baada ya kusikilizwa mara nyingi.

Alienda kwa Ndegwa. "Nipe ile diski yako ya zamani."

"Ile yenye kelele? Baada ya taabu yote hiyo?"

"Ile inayocheua."

Ndegwa akaifungua kwenye mashine yake, akahamisha vitu vyake, akampa. Hakutaka malipo, alisema atakunywa chai kwa shosho. Sabdio aliifunga ndani ya kasha dogo, akahamishia humo rekodi zote, ili kila anapofungua moja na kila anaporudi nyuma, diski iguse kidogo: tik, tik.

Abiba aliinua kichwa mara moja.

"Amekuja," alisema.

"Amekuja, Ayo."

"Akicheua unafanya kazi. Akinyamaza nakuongelesha."

"Hivyo hivyo."

"Sasa amenyamaza. Niliota ndoto mbaya kuhusu yule jogoo." Akavuta chupa, akamimina vikombe viwili huku anasimulia, na sauti ya chai ikapanda, ikawa nyembamba, ikakoma mahali pake.

Mvua ilikuja alasiri moja kutoka upande wa Ngaremara. Sabdio aliinusa kabla ya kuisikia, na akakumbuka ahadi ya Abiba kwa Wato. Ilipofika kwenye mabati haikubaki sauti nyingine yoyote duniani. Alitoa kisikizi sikioni, rekodi akaiacha iendelee. Simu ya Abiba iliwaka mwanga. Jina la Wato. Alimwekea mkononi.

"Nani? Nini? Sisikii! Ni mvua! Piga ikikatika!" Akaizima kwa kidole gumba.

Kisha alishika chupa, akaiinamisha kidogo, akaacha. Badala yake aliisukuma chupa kuvuka meza.

"Mimina wewe!" alipaza sauti. "Leo hatusikii sote!"

Sabdio alimimina, akimwaga kidogo. Abiba alinyoosha mkono kwenye kona, akavipita vyombo vyake vya maziwa, akalaza kiganja juu ya kasha dogo.

"Bado anacheua," alisema. "Ikikatika, mwambie Wato barabara ya Kulamawe imeharibika."

"Ayo, mvua ndiyo kwanza inaanza."

"Mwambie."